Balbina Alibonyeza Mbele

Lipangalala, Ifakara
9 Juni 2024

Mdogo wangu Beatus,

Habari za Morogoro na za kazi? Sisi tu wazima. Mpunga umeshaingia ndani, na kifua kilichokuwa kikinisumbua kimetulia.

Mpwa wako Yunis ameshinda fainali ya gemu la ngumi la kwenye runinga hapa kibandani kwangu, na mwezi ujao atakuja huko kuiwakilisha Ifakara kwenye mashindano. Nyumba nzima ina furaha. Lakini aliyeshindwa, Balbina wa Lumemo, aliweka chini padi yake ya kuchezea akasema taratibu, "Mama Yunis, nilibonyeza mbele, mtu wangu akaruka." Watu walimcheka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, kidole chake nilikiona kikibonyeza mbele.

Yunis alitangulia kuchagua padi kwa kuwa pale ni kwao. Nakutumia zote mbili kwa basi. Wewe ndiye fundi, ziangalie uniambie kweli.

Dada yako,
Herieth

Morogoro
15 Juni 2024

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kifua kimepoa. Huku baridi ya mlimani imeanza, ila hatujambo.

Padi nimezifungua. Hakuna mbovu. Ya Yunis ina kitufe cha mishale chenye umbo la msalaba, na chini yake katikati kuna kinundu kinachokizuia kulala ovyo. Ukibonyeza mbele, ni mbele tu. Ya Balbina ina kisahani cha duara. Kidole kikisogea kidogo, kisahani kinalalia pembeni na mshale wa juu unashikwa pamoja na wa mbele, ndipo mtu anaruka. Nimeiunganisha na kompyuta nikawapa mafundi wenzangu wajaribu. Wakibonyeza kwa haraka, wote wanakosea zaidi kwenye duara. Ndivyo ilivyotengenezwa.

Kwa hiyo hakuna aliyedhulumu, dada. Liache hilo. Mtoto ameshinda.

Mdogo wako,
Beatus

Lipangalala
19 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Vaa sweta, mapafu yako nayajua.

Maelezo yako nimeyaelewa, ushauri wako siuchukui. Kama padi haikuwa mbovu, basi na Balbina hakukosea, na aliyeweka padi zile mezani ni mimi. Nimetangaza fainali irudiwe Jumamosi ya tarehe 29, kwa padi za aina moja. Nirudishie ile ya msalaba, unitafutie na nyingine kama hiyo.

Yunis nilimwambia jana jikoni. Akaniuliza, "Kwani wewe ni mama wa nani?" Nikamjibu, "Wako. Ndiyo maana siwezi kunyamaza." Akatoka. Tangu hapo hanisalimii.

Dada yako,
Herieth

Morogoro
24 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Sweta nimevaa.

Yunis amenipigia simu akilia. Ameniomba nicheleweshe mzigo mpaka Jumamosi ipite, halafu niseme basi liliharibika njiani. Nilikaribia kukubali, dada. Mtoto huyu nimembeba mgongoni.

Padi mbili za msalaba zimo kwenye basi hili. Akiuliza, mwambie nimezituma kwa hiari yangu. Asikukasirikie wewe peke yako.

Mdogo wako,
Beatus

Lipangalala
11 Julai 2024

Mdogo wangu Beatus,

Marahaba, na unisamehe kwa ukimya. Mwili ni mzima, moyo ndio ulichoka.

Fainali ilirudiwa. Yunis aliingia na hasira akachukua raundi ya kwanza. Kisha Balbina akatulia. Safari hii alipobonyeza mbele, mtu wake alikwenda mbele, na raundi mbili zilizofuata zikawa zake. Yunis alisimama, akampa mkono, akaenda nyumbani bila kugeuka. Mashemeji wamenisema sana, eti nimemtupa mtoto wangu mwenyewe. Nimelia, lakini siku ile ikirudi nitafanya vilevile.

Tangu hapo Yunis hakukanyaga kibandani. Jana mchana alikuja, akavuta kiti karibu na Balbina, akaanza kumfundisha namna ya kujikinga na lile pigo lililompa yeye raundi ya kwanza. Hakuna aliyemtuma. Mimi nikajifanya nafagia. Baadaye alinipita mlangoni akasema, "Shikamoo mama," basi, akaenda zake.

Balbina anapanda basi kesho asubuhi, na huko Morogoro hana ndugu. Mpokee stendi, umlaze kwenye kitanda ulichomwandalia Yunis.

Dada yako,
Herieth