Injini Iliyonyamazishwa

Jumatatu, 2 Novemba 1964
Kosa la wengi: vali, vile vilango vya hewa ndani ya injini, zikigonga, wanakaza mpaka zinyamaze. Omari, mume wa binti yangu Riziki, amefanya hivyo hivyo. Aliifumua injini ya gari langu, akaiunda upya, ikarudi ikigonga. Leo amekaza. Kimya. Ameondoka akipiga mluzi. Simpendi.

Vali hutaka nafasi. Chuma kikipata moto hutanuka. Nafasi ikikosekana, vali haifungi, mwisho huungua.

Jumanne, 3 Novemba
Mkwe hakaripiwi usoni. Nimempa mke wangu maneno, kwamba vali zilegezwe; yeye ampe Riziki, Riziki ampe mumewe. Riziki yuko kwetu Bongwe; mimba ya kwanza mwanamke hujifungulia kwao. Wakati wowote atahitaji hospitali ya Msambweni, na gari ni hili tu.

Jibu limerudi kwa njia ile ile: "Mwambieni baba injini si ubao wa darasani. Akiifungua, namchukua mke wangu."

Mke wangu ameongeza lake: "Mbuzi wawili, kamba moja, kila mmoja avuta kwake."

Alhamisi, 5 Novemba
Mlima wa Kwale umelishinda gari. Mchunga ng'ombe amepita: "Mwalimu, huyo amechoka. Mpe majani."

Nimerudi na hasira. Je, Riziki angekuwa ndani?

Ijumaa, 6 Novemba
Baada ya swala nimeifungua. Na aje amchukue. Vali hazijaungua, alhamdulillahi. Nimelegeza kwa kipimo. Nguvu zimerudi, na kelele pia. Basi, injini ikinguruma polepole, nimepenyeza kibati cha kupimia chini ya kila roka, ule mkono unaosukuma vali. Kwenye ya tatu kelele imekoma. Nimeitoa. Uso wake umelika, una kishimo. Kibati hupita juu ya kishimo, kikasema nafasi ni sawa. Si sawa. Roka kuukuu, naye Omari aliniapia kila kitu ni kipya. Mwongo.

Nimeiweka kwenye sahani, nimempelekea.

Jumamosi, 7 Novemba
Amekuja na roka mpya. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Basi. Ameifunga nikiwa nimemsimamia. Habari ya kumchukua mke hakuitaja.

Jumapili, 8 Novemba
Uchungu ulimshika Riziki alfajiri. Omari aliendesha. Injini ilitatarika kidogo tu, kama itakiwavyo. Mtoto wa kike. Wote wazima.

Bado simpendi.

Leo: injini ikishapoa, pima nafasi za vali upya.