Hadhana na Mayai ya Bata

Hail, Maskati

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo, na salamu nyingi kwako na kwa wote waliomo nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokupelekea unaitumia, au umeshampa jirani? Na yule bata jike mweupe anayekimbiza wageni, bado yupo? Mie na mjukuu wako Raya tu wazima. Keshaanza kukaa peke yake. Anaanguka ubavu kama kigunia cha mchele, halafu anacheka. Nakuambia hili mwanzo kabisa ili ukifika kwenye mambo ya khofu huko chini usikimbilie kuvaa buibui. Tumo salama. Kaka Khamis, najua wewe ndiye unayemsomea Mama. Nimeandika herufi kubwa kubwa, basi soma pole pole wala usiruke kitu.

Mama, Nasor mume wangu kazi yake bado ni huko jangwani kwenye visima vya mafuta. Anakaa wiki kwa wiki, anarudi siku chache, anaondoka. Nyumbani nabaki na Mavyaa, mama yake Nasor, na wifi yangu Asila anayefanya kazi wizarani. Mavyaa kazaliwa Unguja, na Kiswahili chake kinaushinda hata wangu, lakini akishika simu azungumze na mwanawe basi ni Kiarabu tu. Mie nadaka neno moja, mengine yananipita.

Sasa siku hiyo nilikuwa jikoni nachagua mchele, Raya mgongoni. Mavyaa yuko ukumbini na simu. Nikasikia "hadhana". Nikafikiri masikio yangu. Nikasikia tena, "hadhana", halafu jina langu, halafu "sighari", ambalo hilo nalijua, maana yake wadogo. Mara akapunguza sauti, Kiswahili kikamponyoka, "La, Saada simwambii kitu. Mpaka uje mwenyewe."

Mchele wote ukanimwagika.

Neno lile, Mama, mie na wewe tunalijua. (Kaka, hapa ndipo nisipotaka uruke.) Nilikuwa mdogo, nimekaa kwenye benchi kwa kadhi, miguu haifiki chini. Baba na wakubwa wa kwao wanasema hadhana, hadhana, na wewe umeushika mkono wangu mpaka unauma. Sikujua maana yake mpaka tulipotoka nje: hadhana ni nani akae na mtoto. Mie nilibaki nawe. Kaka aliambiwa achague, akasema kwa Baba, kwa sababu Baba kamwahidi baiskeli. Ulirudi ukapika, ukapakua, ukamwekea na yeye sahani yake.

Basi nikajua zamu yangu imefika. Mara ya mwisho Nasor alipokuja tulikosana. Nililia, nikamwambia bora ningebaki Fuoni na bata wa mama yangu kuliko kukaa hapa nazungumza na kuta. Aliondoka na ule ukimya wake. Nikasema kumbe amekwenda kupanga: mie nirudishwe, mtoto abaki.

Toka hapo kila kitu nikakiona kwa jicho hilo. Kwa khofu maziwa yakapungua, Raya akawa analia, na Mavyaa akasema, "Mzoeshe kopo, Saada, asitegemee ziwa tu." Nikafikiri ndio wanamwachisha ili asinililie. Asila akaanza kukifagia kile chumba kidogo cha nyuma tulichowekea mazulia. Nikamuuliza cha nini. Akasema, "Wadogo wanataka joto na kimya," akaziba mdomo kwa kiganja kama aliyekwishasema sana. Nami mdogo mwengine simjui katika nyumba ile ila wangu.

Nikamfunga Raya kwa kanga asubuhi, nikawa simfungui. Napika naye, nafua naye, hata chooni naingia naye. Mavyaa akinyoosha mikono amchukue, nageuka. Asila akanitania, "Wifi, mtoto huyo utamtia gundi?" Nikacheka kwa meno. Hapa kwetu uwanja wa ndege uko karibu, ndege zinapita juu ya paa mpaka vikombe vinagongana kabatini, na kila moja ikipita naitazama nikijiuliza, hivi nikitoka na mwanangu mpaka barabara kuu, nitamwambia nini dereva wa teksi? Paspoti anayo Nasor. Kiarabu changu ni cha kununulia vitunguu.

Alkhamisi Nasor akaja. Nikaisikia gari yake, nikaingia chumbani nikatia komeo, nikakaa chini, Raya kifuani. Nikasikia wanaingiza kitu kikubwa, "taratibu, taratibu, kisiguswe." Halafu Mavyaa akaita kwa furaha, "Saada! Njoo uione hadhana yako!"

Sijui sauti niliitoa wapi. Nikapiga kelele, "Sitoki! Na mtoto simtoi! Nendeni kwa kadhi mnayemtaka!"

Halafu nikamsikia Asila, "Kadhi? Kadhi wa mayai?"

Na Nasor nje ya mlango, "Saada, nifungulie basi, mikono inanikatika. Nimebeba mayai ya bata."

Nikafungua kidogo. Mama, alikuwa ameshika trei ya mayai imefunikwa kwa kilemba chake, na nyuma yake, chini, pana boksi jeupe, lile jepesi wanalotilia samaki na barafu, limetobolewa likatiwa kioo, globu, kifeni na kipimajoto. Kalitengeneza na rafiki yake anayefanya kazi kwenye maduka ya magari Wattaya, na mayai kayapata kwa mtu mwenye shamba. Ndilo nililolilia, bata wa mama yangu. Kumbe kwa Kiarabu mashine ya kutotolea vifaranga nayo ni hadhana. Asila kanifahamisha huku machozi ya kicheko yanamtoka: ya kwa kadhi ni hiyo, ya kulelea watoto wadogo ni hiyo, ya mayai ni hiyo hiyo. Nikamwambia, "Na nyinyi Waarabu maneno mliishiwa? Kitu cha kunitoa roho na kitu cha kutotolea bata, jina moja?"

Wote walicheka, isipokuwa Mavyaa. Alikaa kwenye kiti, mikono mapajani.

"Siku zote hizi," akasema, "ulikuwa ukiniona mie mwizi wa watoto?"

Nikamkaza Raya kifuani.

"Nilipotoka Unguja Nasor alikuwa mchanga. Nilimfunga kifuani kama ulivyomfunga huyo. Sikumpa mtu amshike hata ninywe maji." Akainuka, akatoa ufunguo wa kile chumba kidogo kwenye pindo la kanga yake, akaniwekea mkononi. "Ukae nao wewe."

Ningekuambia khofu iliniishia hapo, lakini nitakuwa nakudanganya. Ufunguo niliupokea. Mtoto sikumpa.

Basi nikawa mlezi wa mayai. Nayageuza asubuhi, mchana na jioni. Asila kayatia alama ya penseli upande mmoja ili nisisahau. Nayanyunyizia maji kidogo, kama bata wako anavyorudi kwenye kiota mbawa zimerowa. Nilipoyamulika kwa tochi nikaona nyuzi nyekundu ndani, na katikati kitu cheusi kinacheza. Badala ya kufurahi, nikatishika, nikaizima tochi. Roho zote hizo, na zinaningoja mie! Nikasema zikifa watasema yule hajui kulea.

Sasa mchana mmoja wa joto lile la huku, linalochoma mpaka kitasa cha mlango, umeme ukakatika mtaa mzima. Nikakimbia na blanketi, nikalifunika boksi lisipoe, kama unavyotupia gunia tenga la vifaranga usiku wa mvua. Mavyaa akatokea mlangoni.

"Unafanya nini wewe! Hapa si Fuoni! Utayapika!"

Kweli, Mama. Chumba bila ya kiyoyozi kilikuwa tanuri. Huku mayai hayafi kwa baridi. Tukalifungua boksi, kipimajoto kinapanda tunakiona. Yatolewe, yalazwe kwenye kitambaa cha maji, yapepewe, na mikono yangu miwili haitoshi, na Raya mgongoni anapiga ukelele kwa joto, jasho lake linanitiririkia. Mavyaa magoti yake kama yako, kuinama hawezi. Akanyoosha mikono.

"Nipe."

Nikalikaza fundo la kanga.

"Saada, mimi yai kutoka chini siliwezi, mtoto namweza. Nipe, au mayai tuyaache. Chagua."

Nikaifungua kanga. Fundo likakataa, nikalifungua kwa meno. Nikampa. Akakaa naye kizingitini, akimpepea yeye kwa mkono mmoja na mayai kwa mkono wa pili, na mie nimepiga magoti nakamua kitambaa, nageuza, nakamua tena. Umeme uliporudi niligeuka kumtaka mwanangu, nikamkuta kalala, kaukamata mtandio wa bibi yake. Nikamwacha.

Mengine yaliharibika, sikufichi. Lakini yaliyobaki tukayasikia yanalia kwa ndani, sauti nyembamba kama mlango usiotiwa mafuta. Yai la kwanza likatoboka, halafu kimya, muda mrefu. Nikasema kafa huyo. Nikanyoosha kidole nimmenye, Mavyaa akanipiga kofi la mkono. "Utamtoa damu. Mwache ahangaike." Nikasimama pale naomba dua zote ninazozijua, na zile nisizozijua vizuri nikaziomba nusu. Raya akalia, nikaenda kumwosha, na usingizi ukanipitia naye. Niliporudi wamekwishatoka, wamerowa, wabaya wa sura, na wote wamemkodolea macho Mavyaa.

Basi imekwisha. Hawana mama mwengine. Akenda jikoni wanamwandama, akenda kuanika nguo wanamwandama, akisali wanajipanga nyuma ya msala. Asila kasema, "Hukumu imetoka! Hadhana kapewa Mama!" Na Mavyaa anajibu, "Wapumbavu hawa, hawajui mie nawangojea kwa nazi na wali." Lakini nimemwona akiwakatia mchicha vipande vidogo vidogo.

Mmoja mguu umepinda, bado nimemweka kwenye boksi chini ya globu. Kila nikiamka naweka sikio kwanza kwa Raya, halafu kwa huyo. Ndege zikipita bado moyo unaruka. Labda ndivyo nitakavyokuwa maisha, Mama, labda nawe ulikuwa hivyo, hukutuambia tu. Lakini Nasor kasema inshallah tutakuja, na Raya utampakata. Nitakupa mwenyewe, bila ya kufungua fundo kwa meno.

Nisalimie bibi yangu mzaa mama na umwambie namwombea macho yake. Msalimie jirani yetu muuza maandazi, na mwalimu wangu wa chuoni, na wifi yangu mke wa Kaka na wanawe wote.

Na wewe Kaka unayesoma. Ile baiskeli nimekuwekea kinyongo miaka yote, wala sijakuambia. Nimewatazama hawa wadogo wanamwandama aliye mbele yao, nikakukumbuka siku ile kwa kadhi, kaptula imekupwaya, hujui umeulizwa nini. Basi nami leo nakuambia na jambo jengine ambalo Mama hajakuambia. Ile sahani hakuiweka siku moja tu. Aliiweka kila siku mpaka uliporudi.

Usiache kusoma. Msomee na hilo.

Mwanao na nduguyo anayekuombeeni,

Saada, mama Raya