Bega la Sindano ya Hija

Khole, Wallahi haya ni kweli tupu. Mumeo kenda Matrah kwa mwanasheria. Samaki mtoe kwenye friji. Atarudi ~~adhuhuri~~ alasiri.

Alfajiri alisinzia akaota mkono uliochomwa sindano ya hija unapanda wenyewe, mwepesi kama moshi wa udi, naye anaufuata kwa macho tu. Alipoamka, haukupanda. Muuguzi aliichoma juu mno begani, na hilo si uongo.

Uongo ulikuja asubuhi, yule bwana wa kamati ya fidia alipokuja kumhoji, nawe unamfunga kilemba. Mumeo akataka kulikoleza dai. Akasema, "Tangu chanjo ile, siwezi kunyanyua mikono nikihirimia sala."

Bwana yule akaiweka kalamu chini. "Sheikh, na mie Mwibadhi kama wewe. Sisi tulianza lini kunyanyua mikono katika sala?"

Wewe ukakiacha kilemba nusu. "Basi jifunge mwenyewe, bega zima hilo."

Ndiyo kenda kuandika maelezo upya, ukweli mtupu: mkono haufiki kichwani, na kila siku mkewe ndiye humfunga kilemba. Leo kajaribu mara tatu peke yake. Katoka na kofia tupu.

Mumeo, Baba Yaqoob