Kitabu cha Kuja Nacho Ziwani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Huku Mbamba Bay tu wazima, na bibi yako bado anakicheka kitambi changu.

Unauliza ubebe kitabu gani likizo hii, cha kutambua ndege wa porini au cha kupiga kasia. Ujanani nilisoma kitabuni kwamba ule moshi unaosimama juu ya ziwa ni makundi ya wadudu tu. Nikajifanya mtaalamu, nikauingia kwa mtumbwi pamoja na shangazi yangu. Kweli, wadudu. Ila humo ndani nikasikia mama ananiita, naye alikuwa mbali, shambani Kingerikiti.

“Usiitike,” shangazi akaninong'oneza. “Piga kasia, mtaalamu.”

Hilo kitabuni halikuwemo.

Njoo na vyote viwili. Ila ukiwa majini mimi sitakuita, hata ugali ukipoa. Ukisikia sauti yangu, endelea kupiga kasia.

Babu yako mwoga