Mkono wa Mwanaidi

Gede, Alhamisi, 1986

Na nimempiga viganja mpaka fimbo ikavunjika! Kosa la Mwanaidi, mwanafunzi wangu, ni kucheka tu, mwalimu mkuu aliponitukana mbele ya darasa zima, watoto sabini.

Bi Zaituni, mwalimu wa darasa la pili, ndiye aliyekuja mbio akanikamata mkono. "Ukipandwa na hasira toka nje, ukanywe maji. Huyu mtoto siye mwalimu mkuu!" Nikamfokea na yeye. Sijui ningeishia wapi kama...

Jioni nimekutana na Mwanaidi dukani. Alitaka kunishika mkono aubusu, kama walivyomfunza kwao, lakini vidole vyake vimevimba, havikunjiki. Akainama, akaubusu hivyo hivyo.

"Shikamoo, mwalimu."

Nimetoka dukani bila chumvi niliyoifuata.