Ugonjwa Niliouita Uvivu

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako. Hujambo wewe? Watoto wanaendeleaje, na yule wa mwisho ameacha kunyonya kidole? Sisi tunasukuma siku. Miaka miwili sijakuandikia, najua, na sasa utajiuliza nimekumbwa na nini. Tafadhali soma hadi mwisho, hata ukikasirika.

Mwezi wa tatu madoa ya zambarau yalinitoka miguuni, utadhani nimekanyaga zabibu. Shemeji yako akasema ni kunguni, akaanika godoro juani. Kunguni wenyewe hawakuonekana. Kisha vidole vikaanza kukaza asubuhi, nyayo zikawaka, nikawa nachoka hoi kwa kupiga msasa kiti kimoja tu. Siku moja pale kiwandani, mimi msimamizi mzima, nilijikuta nimekaa juu ya rundo la mbao mbele ya mafundi wote. Hapo nikakukumbuka.

Miaka miwili iliyopita, ulipokuwa fundi chini yangu, wewe nawe ulikaa pale ukaniambia, "Kaka, miguu inawaka moto." Nikakujibu mbele za watu kwamba kinachowaka ni uvivu. Halafu nikaenda kwa tajiri nikamwambia unakunywa, akakufukuza. Nilijua hunywi.

Sikwenda hospitali mpaka uso ulipovimba na mkojo ukawa na povu kama la sabuni. Daktari, mama mmoja asiye na haraka, alinipima damu akasema nina homa ya ini aina ya C, na huenda nimekaa nayo zaidi ya miaka ishirini. Nikabisha kwamba ini haliniumi, kinachoniuma ni miguu. Akanieleza kwamba kirusi hiki hakiishii kwenye ini. Mwili ukipambana nacho miaka mingi, hutengeneza protini zinazogandana ndani ya damu na kuumiza mishipa midogo. Madoa, moto wa nyayo, viungo, hata figo zangu, vyote vilitoka huko. Akaniuliza kama niliwahi kuchomwa sindano isiyo safi. Nikasema hapana, huku natazama sakafu.

Mdogo wangu, ile herufi ya jina la mama iliyo mkononi mwako. Mimi nilikuwa nimechorwa yangu na yule fundi baiskeli, nikaazima kwake sindano na wino nije nikuchore na wewe. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Uliniuliza kama nimeichemsha, nikasema ndiyo. Sikuichemsha. Mama alikuwa jikoni, nikaogopa ataniuliza sindano ni ya nini. Ilikuwa imepita kwa watu sijui wangapi, ikaja kwangu, kisha kwako.

Kesho yake nilirudi kwa daktari nikasema kweli. Anataka upimwe haraka. Kuna vidonge vya kama miezi mitatu, na wengi wanaovimeza kirusi huwatoka kabisa, ingawa figo zangu atazidi kuziangalia. Nimeanza wiki iliyopita. Tajiri naye nimemwambia kwamba nilikusingizia.

Wabusu watoto, na mkeo mwonyeshe barua hii yote, usimfiche sehemu yangu. Sikuombi msamaha leo, usije ukakaa kuufikiria. Vaa viatu uende ukapime.

Ni mimi, kaka yako, ninayeona haya hata kujiita hivyo.