Zabibu za Mji wa Kaka

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na asalaam aleikum kutoka Wembley, kwenye baridi ya kupasua midomo. Goti lako limepoa? Shangazi hajambo, ila yeye akirudi kazini mimi ndiyo natoka, tunaachiana ufunguo tu. Watoto wake nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza.

Tangu nimalize skuli niko duka la mboga na matunda, Rayners Lane. Mwenyewe ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kampala. Siku ya kwanza nilifungua sambusa zangu, nikamkaribisha msichana mwenzangu wa dukani kama ulivyonilea. Nikangoja akatae kwa adabu, aseme "starehe" kama kwetu, nile. Akachukua mbili, akashukuru! Nikabaki na moja. Usicheke, Mama. Siku hizi nakula nimegeukia ukuta.

Uliniagiza nimwone Kaka Nassor kwa macho yangu, maana unasema Hamburg imeshammeza. Mji huo nauona kila mahali, yeye simwoni. Hambaga wanazouza siku za mpira, jina limetoka huko. Dukani kuna mzizi mweupe wenye umbo la karoti, majani yake kama kotmiri, nao unaitwa wa Hamburg. Mzee akaniambia, "Binti, hata kuku wapo wa jina hilo, wa madoadoa!" Halafu zikaja zabibu nyeusi, nazo zinaitwa za Hamburg.

Kaka aliahidi kuja Jumamosi. Nikamwekea kishada kizuri. Kila mlango ukifunguliwa, nanyanyua kichwa. Mchana akapiga simu: bandarini wamembadilishia zamu. Nikaona haya kulia mbele ya wateja, nikaingia stoo.

"Kaka, unazijua zabibu za mji wenu?"

"Zabibu gani? Sijaziona hata siku moja."

"Nilikuwekea."

"Basi uzile wewe, mdogo wangu."

Nikachuma moja, na kabla sijaitia mdomoni nikajikuta nimesema, "Karibu."

"Starehe," akajibu papo hapo, kama tuko jamvini kwako.

Hakukata simu mpaka nikamaliza kishada. Sijamwona, Mama, lakini hajamezwa.

Nisalimie Bibi, na mjomba anayekupeleka hospitali, na jirani yetu mshonaji, mwambie gauni lake ndilo ninalovaa Ijumaa.

Na ukikaa kula, tukaribishe kwa sauti. Huku naitikia.

Mwanao,
Zuhura